Miezi Mitatu Isiyopimwa

Jumatatu moja, saa tatu na dakika tano asubuhi, simu ya ofisi ya bonde la mto haikulia. Karani wa vipimo alikuwa amekwisha kufungua daftari na kuandika tarehe. Akangoja. Saa tatu na robo aliinua simu aangalie kama ni nzima, ilikuwa nzima. Tangu simu za mkononi zienee, kila asubuhi saa hiyo sauti ya mwanamke ilimwambia, bila hata habari za leo, "Moja nukta tatu saba, maji ya chai ya maziwa," au "Sifuri nukta tisa mbili, meupe," kisha ikakata. Karani alikuwa amezoea kuilalamikia sauti ile kwa ukavu wake. Siku hiyo aliandika kistari mahali pa namba, na kila alipopita karibu na meza kile kistari kilimvuta macho.

Ofisini mwanamke huyo walimwita Rula, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma rula ya mto: vibao vinne vyeupe vyenye alama nyeusi za sentimita, vilivyofungwa kwenye nguzo za zege kuanzia chini ya maji hadi juu ya ukingo. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri alishuka ngazi za udongo, akachuchumaa, akangoja wimbi dogo lipite, akasoma mara tatu na kuandika mara moja. Karatasi ya juu ilikwenda ofisini mwisho wa mwezi. Nakala ya kaboni ilibaki nyumbani, kwenye masanduku chini ya kitanda cha mama yake, maana chini ya kitanda chake mwenyewe palikwisha kujaa.

Kazi hiyo aliirithi. Baba yake ndiye aliyeisoma rula kabla yake, mpaka macho yalipoanza kumletea namba mbili mbili. Wakati huo binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na barua ya kuingia kidato cha tano ilikuwa imekunjwa ndani ya kamusi yake.

"Nishikie kidogo tu," baba alimwambia. "Mpaka macho yatulie."

Macho hayakutulia. Alishika kidogo tu kwa miaka ishirini na miwili.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, waliyepishana miaka kumi na mitatu, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Rula alimbeba mgongoni kwenda mtoni, na Kitinda alijifunza kuhesabu kwenye rula kabla hajaiona rula ya shule. Kisha akaenda shule hiyo, na nyingine baada yake, na chuo kikuu. Alipofikisha miaka ishirini na saba ikaja barua nyingine: amechaguliwa kusoma shahada ya uzamili ya maliasili na mazingira. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Rula alisema, "Hongera, mdogo wangu, umetutoa kimasomaso," akamkumbatia vizuri, kisha akaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulimwingia kwa vitu ambavyo mtu angeona aibu kuvitaja. Mwaka wa pili Kitinda alirudi nyumbani kufanya utafiti, na mto aliouchagua kuuandikia tasnifu ulikuwa ule ule, wa rula ile ile. Alikuja na buti za kamba nyekundu. Alikuja na kadi shingoni yenye picha yake na neno MTAFITI. Watu waliompita Rula ukingoni kwa miaka yote hiyo kama wanavyolipita jiwe, sasa walisimama.

"Samahani, dada, mnapima nini hapo?"

Nao walimuuliza Kitinda. Kitinda aliwajibu kwa upole, kwa mikono, kwa maneno marefu: mtiririko, vyanzo, kinamasi cha juu. Rula alichuchumaa chini yao akingoja wimbi lipite.

Halafu kile kiti. Walikwenda pamoja ofisi ya bonde kuomba kumbukumbu za miaka yote. Rula alikuwa ameingia chumba kile mara mia mbili na zaidi, kila mwisho wa mwezi, na karatasi zake mkononi, na hajawahi kukaa. Karani alipoiona kadi aliruka kutoka mezani.

"Karibu, mtafiti, karibu kiti! Hiki hapa, usikalie kile, kina mguu mbovu. Rula, sogea hapo mlangoni kidogo, unamzibia mwanga."

"Nimezoea kusimama," Rula alisema.

"Najua, wewe ni nguzo ya hapa," karani alisema, akacheka peke yake.

Njiani Kitinda alimshika mkono. "Usimjali, da. Yule hajui hata mto unakoelekea."

"Anajua kadi inakoning'inia."

Kitinda akacheka, akadhani ni utani.

Meza ya chakula ikawa meza ya Kitinda. Kompyuta ilikaa alipokaa baba enzi zake, na waya wake ulipita sakafuni ambapo Rula alijikwaa mara mbili kwa siku, moja ya bahati mbaya. Mama alitembea kwa ncha za vidole.

"Mpishe mdogo wako meza, mwanangu, ana kazi."

"Na mimi nafanya nini, mama? Nacheza?"

"Kazi yako wewe iko mtoni. Yake iko kichwani, haiwezi kunyeshewa."

Jedwali baada ya jedwali lilitoka kwenye mashine ile, na ndani yake Rula aliziona asubuhi zake. Aliweza kuitazama namba akakumbuka homa aliyokuwa nayo siku hiyo, au ngazi iliyobomoka chini ya mguu wake, au mzoga wa mbwa uliokwama kwenye kibao cha tatu. Chini ya kila jedwali Kitinda aliandika maneno mafupi: Chanzo, ofisi ya bonde. Rula aliyasoma akiwa amesimama nyuma ya kiti na kikombe mkononi. Ofisi ya bonde. Karani mwenye kiti kibovu ndiye aliyekuwa ameshuka ngazi miaka ishirini na miwili.

Angesema nini? Niandike na mimi? Mtu mzima haombi kuandikwa. Anangoja aonwe, na asipoonwa ananenepa kwa ndani kama godoro lililoloa.

Kisha Kitinda akaupata mstari.

Ilikuwa alasiri, mama yuko uani anaanua nguo. "Da! Njoo uone. Njoo haraka!" Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa miaka yote, mwezi kwa mwezi, mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kitinda aligusa sehemu moja kwa kalamu. "Huu ni mwaka wa ukame mkubwa, miaka kumi na sita iliyopita. Mvua haikunyesha miezi mitatu. Mito mingine yote ilidondoka. Sasa uone wa kwetu. Umeteremka taratibu, sentimita moja kila siku tatu, hauyumbi, haushtuki. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kinamasi cha juu kilikuwa bado hakijakaushwa kwa ajili ya mashamba. Kilikuwa kinauachilia maji kidogo kidogo, kama mtu anayempa mgonjwa uji kwa kijiko. Mwaka uliofuata kikakaushwa, na tangu hapo mto hauna utulivu. Da, hii ndiyo tasnifu yangu. Hii hapa."

Rula aliutazama ule mstari. Ulikuwa mzuri kweli. Aliujua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Maana mwaka ule, akiwa na miaka ishirini na mitano, alikuwa amesikia kwamba mjini, ng'ambo ya mto, kuna darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha sita wakiwa nje ya shule. Basi la kwenda lilikuwa la alfajiri, la kurudi la jioni. Hapakuwa na namna ya kuwa darasani na mtoni. Simu hazikuwapo, ofisi iliziona karatasi mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo kila Jumapili, kwa miezi mitatu ya kiangazi, alikaa kwenye meza hii hii na kuandika mto wa wiki nzima kutoka kichwani. Kiangazi maji hushuka, aliyashusha. Aliogopa kuyashusha sana wasije wakatuma mtu kukagua, akaogopa kuyaacha pale pale wasije wakashtuka. Sentimita moja kila siku tatu. Alijivunia jinsi zilivyokaa vizuri. Mwezi wa tatu ulipokwisha, wiki mbili kabla ya mtihani, baba alifariki, na Rula hakufanya mtihani wala hakurudi darasani. Alirudi mtoni. Tangu siku hiyo hakukosa kipimo hata kimoja, hata siku ya homa, hata siku ya mafuriko alipofungwa kamba kiunoni. Nyumbani hakuna aliyejua kuhusu darasa. Walidhani ana mchumba.

"Unaonaje?" Kitinda aliuliza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Rula aliziangalia buti za kamba nyekundu chini ya meza, zimekaa pamoja kama wanafunzi wawili wenye adabu, akasema, "Umenyooka."

Siku ya kutetea tasnifu ilikuwa imepangwa wiki sita mbele. Rula aliihesabu. Wenzake wa umri wake walihesabu siku za harusi za watoto wao. Yeye alihesabu siku ambayo mdogo wake angesimama mbele ya meza ndefu, na mzee mmoja mwenye miwani angeuliza, huu mto wako mbona hauna hata siku moja ya kuyumba, binti? Hata kibuyu kikivuja huyumba. Aliwaza swali hilo akiosha uso. Aliwaza jinsi Kitinda angefungua mdomo na kukosa neno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumkauka. Wakati mwingine aliiona picha hiyo mpaka mwisho, na mwishoni Kitinda alikuwa na miaka sita, analia, na Rula aliiacha picha upesi na kutafuta kazi ya kufanya.

Wiki ya tatu Kitinda alimsomea ukurasa wa shukrani. Alimshukuru profesa wake, wahadhiri, ofisi ya bonde na karani kwa ushirikiano wao, mama kwa dua zake. "Na dada yangu mpendwa," alisoma, "kwa chakula na malazi."

"Chakula na malazi," Rula alisema.

"Si umenipikia, da? Miezi yote hii."

"Nimekupikia, ndiyo."

Kama kulikuwa na mlango uliobaki wazi ndani ya Rula, ulijifunga siku hiyo, tena kwa komeo.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, Kitinda aliongea na profesa wake kwa simu akiwa ameiweka mezani, sauti imefunguliwa ili mikono yake iandike. Rula alikuwa mlangoni mwa jikoni anamenya viazi. Profesa alikuwa na sauti nene, ya mtu anayesikilizwa. Walipita sura ya kwanza, ya pili. Kisha profesa akasema, "Sasa nije kwenye ule mstari wa mwaka wa ukame. Nimewaonyesha wenzangu. Ule ndio moyo wa kazi yako. Namba zile zimelala ofisini miaka kumi na sita na hakuna aliyeziona. Wewe umeziona. Mwanafunzi ninaweza kumfundisha kila kitu isipokuwa jicho. Wewe unalo."

"Asante sana, profesa," Kitinda alisema, akayafunika mashavu yake kwa viganja, kama mtoto.

Kiazi kilidondoka kwenye beseni. Rula alikuwa ameweza kuvumilia kadi, kiti, chakula na malazi. Lakini mstari ule! Alikuwa ameutengeneza yeye, Jumapili kumi na tatu, kwa akili yake na hofu yake, na katika maisha yake yote hakuna kitu kingine alichokitengeneza kikasifiwa na mtu mwenye sauti kama ile. Na sasa sifa ilipita juu ya kichwa chake, ikamwangukia mwingine.

Alijikuta amesimama mbele ya meza na kisu mkononi.

"Mwambie huo mstari ni wangu."

"Dada, ngoja kidogo—"

"Mwambie. Mimi ndiye niliyeutunga. Hakuna mto hapo. Sikushuka mtoni miezi mitatu ile hata siku moja. Nilikaa hapo hapo ulipokaa wewe, nikaandika. Hilo jicho ni langu!"

Kitinda alimtazama kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Kisha macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye simu. Dakika zilikuwa bado zinahesabika kwenye kioo chake.

"Nani anazungumza hapo?" sauti nene iliuliza.

Profesa alikohoa. "Nitapiga kesho," alisema, na sasa sauti haikuwa nene.

Mama alikuwa ameingia na nguo begani. "Kuna nini? Mbona mmekauka hivyo? Na hicho kisu?"

"Viazi, mama," Rula alisema.

Kitinda alingoja mama apite chumbani. "Ulikuwa wapi miezi ile?"

"Shule."

"Shule gani?"

"Kidato cha sita. Mjini. Nilikuwa napanda basi la alfajiri."

"Nakumbuka," Kitinda alisema taratibu. "Ulikuwa unavaa ile blauzi ya njano. Nilidhani unakwenda kwa mwanamume." Alifunga kompyuta, akaifungua, akaifunga tena. "Wiki tano, da. Nimekuonyesha kwa kidole changu. Umenitazama wiki tano. Ulitaka nisimame pale mbele ya watu nianguke?"

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Nilitaka. Si kila siku. Lakini nilitaka."

"Basi kwa nini umesema leo? Ilibaki wiki moja tu. Ungevumilia!"

"Amekusifia," Rula alisema.

Kitinda alicheka, kicheko kibaya kisicho na hewa, akainua kadi kutoka shingoni na kuiweka mezani kati yao. Hawakupigana. Walikula viazi, watu watatu, na mama ndiye aliyezungumza peke yake, juu ya bei ya sabuni.

Tasnifu ilirudishwa ikarekebishwe. Swali la profesa lilikuwa la haki, na halikuwa lile alilolitegemea Rula: kama miezi mitatu ilipikwa, nani ataapa kwamba miaka mingine haikupikwa? Hilo Rula hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alikuwa amemchimbia mdogo wake shimo akasahau kwamba yeye mwenyewe amelala chini yake, pamoja na asubuhi elfu nane za kweli, homa, mafuriko, mzoga wa mbwa. Alimwambia Kitinda, "Nyingine zote ni za kweli." Kitinda alimjibu bila hasira, "Najua. Ila mimi si wa kuamini. Mimi ni wa kuhakikisha."

Kitinda alilazimika kuiandikia ofisi. Aliomba ruhusa kwanza. Alisimama mlangoni mwa chumba cha Rula na barua mkononi.

"Peleka," Rula alisema. Hakuomba kuisoma.

Barua ilifika Ijumaa mchana, na Jumatatu asubuhi, karani alipokuwa anainua simu kuangalia kama ni nzima, ilikuwa bado kwenye trei pembeni ya kiwiko chake, haijafunguliwa. Rula hakungoja kufukuzwa. Aliondoka Jumapili na begi moja, akamwachia mama funguo za masanduku.

Kwa miezi kumi Kitinda aliketi sakafuni chumbani kwa mama, kati ya nakala za kaboni. Alilinganisha kila namba na vipimo vya mvua vya vituo vya juu, na rula nyingine iliyo chini ya daraja. Kila mvua kubwa aliyoipata kwenye vituo, aliipata imeinuka kwenye karatasi za dada yake siku moja baadaye, saa ile ile iliyotakiwa. Zilizokuwa za uongo ni siku tisini na moja tu. Aliziondoa, na moyo wa kazi yake ukatoka nazo. Sura iliyobaki ilisema tu kwamba kinamasi huenda kilisaidia. Ilitosha kupata shahada. Haikutosha profesa kuwaonyesha wenzake. Kuitetea kwenyewe kulichukua dakika arobaini, na hakuna mzee wa miwani aliyeuliza swali gumu.

Katika sura ya njia za utafiti aliacha aya moja inayosema kwamba vipimo vingine vyote vya rula hiyo vimekaguliwa na kuthibitishwa, na kwamba ni nadra kuona kumbukumbu zilizotunzwa kwa uaminifu kama huo. Hakumtaja aliyezitunza. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na profesa, mama, na ofisi.

Mama ndiye aliyempelekea Rula picha ya mahafali, alipokwenda kumtembelea. Rula alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa kingo zake, akaitazama muda mrefu: joho, kofia, meno yote ya Kitinda nje.

"Limempwaya mabegani," alisema.

"Mwanangu!"

"Nasema ninachokiona, mama. La kwangu ningelipunguza."

Mama alinyoosha mkono arudishiwe picha. Rula hakumrudishia mara moja. Aliigeuza nyuma akaangalia kama kuna kilichoandikwa, na hapakuwa na kitu.

Sasa anaishi kwenye chumba cha pili cha nyumba ya wafanyakazi wa bustani ya miche ya misitu, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka kwao, na anajaza udongo kwenye viriba, Jumatatu hadi Jumamosi.